Cherehani ile ile, Mbagala na milimani

Siku kumi na moja zilipita bila mtu kuniletea hata suruali ya kukata miguu. Ilikuwa mwaka 2019, na nilikuwa nimerudi nyumbani miezi minne tu, kutoka Mbagala, Dar es Salaam, hadi kijijini kwetu juu ya Soni, wilaya ya Lushoto. Cherehani yangu ya Butterfly ilisafiri kwenye buti la basi mpaka Mombo. Kutoka hapo kichwa chake nilikipakata mwenyewe kama mtoto, kona baada ya kona za ile barabara ya mlima, na miguu yake ya chuma ikamalizia safari nyuma ya bodaboda. Wiki za mwanzo watu walikuja. Wengine walileta kazi, wengine walikuja kumwangalia tu mtoto wa fulani aliyerudi. Kisha kimya.

Kimya chenyewe kilikuwa cha adabu. Walipita mbele ya kibaraza wakanisalimia vizuri, tena ile salamu ndefu ya Kisambaa inayouliza watoto, mifugo na mgonjwa wa ndani, halafu wakaendelea na kitambaa kwapani kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya bonde. Fundi yule namjua. Nguo zake zinavuta mabegani, na zipu anaziweka kama mtu anayefunga gunia. Nikajiuliza nimewakosea nini.

Siku ya kumi na mbili akaja bibi mmoja, jirani yetu tangu sijazaliwa. Hakuwa na nguo ya kushona. Alikaa kwenye kigoda, akaitikia shikamoo yangu, akanyamaza kama anayesubiri maji yachemke.

"Mjukuu wangu, ulikuwa wapi siku tulipomzika mzee wa kule juu?"

"Nilikuwa hapa hapa, bibi. Nilibanwa na kazi, lakini nilituma elfu kumi."

"Imefika. Imeandikwa." Akaitazama cherehani yangu, akaitazama na oda iliyoning'inia ukutani. "Na sisi tuliokaa pale siku tatu, hatukuwa na kazi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Elfu kumi niliiona nyingi. Mbagala ningetoa elfu mbili nikahesabiwa. Na msidhani Mbagala watu hawazikani. Uswahilini msiba ukitokea turubai linafunga njia nzima, akina mama wanapika, vijana wanakesha na karata, na anayepita hata kama hajui jina la marehemu anatumbukiza chochote kwenye sahani. Tofauti ni ndogo, ila ndiyo iliyoniponza. Kule ukisema "nilikuwa kazini" umesamehewa, kwa sababu kila mtu anajua bosi hajui msiba wa jirani yako na kodi haisubiri tanga liishe. Huku kila mtu ana shamba lake, jembe lake na mvua yake isiyongoja. Ukisema ulikuwa na kazi umewaambia wenzako kwamba kazi yako ina thamani kuliko zao.

Arobaini ya yule mzee ilipofika nilifunga mlango siku mbili. Nilimenya viazi, nikachota maji mtoni mpaka mabega yakaungua. Kesho yake asubuhi nilikuta watu watatu wamekaa kibarazani wananisubiri, mmoja ana kitambaa alichokinunua mwezi mzima nyuma.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu rafiki zangu wa Dar wakinipigia simu husema neno moja: "Wewe umepona, huko maisha rahisi, hata mchicha hununui." Ni kweli mchicha sinunui. Lakini wanahesabu noti tu. Kijiji kina madai yake, na hayapokei M-Pesa. Kinataka mgongo wako, kinataka siku zako, kinataka kujua nani alilala kwako jana. Mimi nimeyalipa yote mawili, ya mjini na ya huku, na cherehani ile ile, kwa hiyo hesabu yangu naifanya kwa nguo.

Dar niliingia mwaka 2008, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nguo zangu kwenye mfuko wa Rambo. Nilianza kushona kwa kulipwa kila nguo kwenye chumba cha juu huko Kariakoo, mafundi tisa, feni moja. Chumba changu cha kwanza cha kupanga Mbagala kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka mwezi wake juu. Pale ndipo nilipojifunza hesabu ya mjini: unakuwa tajiri siku moja, ile ya kwenda kulipa, halafu fukara miezi mitano na siku ishirini na tisa. Maji ya ndoo unanunua. Luku mnachanga wapangaji sita na kugombana kwa sababu mmoja ana friji. Mzoa taka, ulinzi shirikishi, choo kikijaa. Mkaa wa chai ya asubuhi unapimiwa kwenye kopo. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nisimame Rangi Tatu nigombanie daladala, na kuna asubuhi nilipandia dirishani na sketi yangu ya kazini, mbele ya watu wazima, nisione haya hata kidogo. Nikikumbuka leo naona haya.

Hata hivyo mji ule ulinipa kitu ambacho kijiji kisingenipa. Mwaka 2010 nilipata mtoto, na baba yake hakuwa mtu wa kukaa. Mama mwenye nyumba alipoliona tumbo langu aliuliza swali moja tu: "Mmoja au mapacha?" Alikuwa anawaza maji. Basi. Hakuna aliyenikalisha kikao. Nilimlea binti yangu miaka tisa pale bila mtu kuniuliza ukoo wa baba yake. Niliporudi huku, swali hilo liliulizwa kabla sijatua begi, na bado linaulizwa kila panapokuwa na harusi, kwa sauti ya upole kabisa, na watu wanaonipenda.

Na anayesema mjini hakuna ujirani, mimi simwamini. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka Mbagala, nilikimbia kama kila mtu, nikiwa nimembeba mtoto wa mpangaji mwenzangu ambaye mama yake alikuwa sokoni. Nilikuwa simjui mama yule zaidi ya salamu. Tulikutana jioni, miguu imejaa vumbi, akamchukua mwanawe akakaa chini katikati ya barabara. Tangu siku ile mpaka naondoka, miaka kumi, kila Idi sahani ya kwanza ya pilau iliyotoka jikoni kwake ilikuwa yangu.

Jambo jingine la mjini ni ufundi wenyewe. Nilijifunza kushona huku milimani, lakini niliiva kuwa fundi Dar. Mteja anakuja na picha kwenye simu, mshono wa Lagos, mgongo umekatwa hivi, mkono umejaa hivi, na anautaka Ijumaa. Usipouweza, kuna fremu nyingine hatua kumi mbele. Kwa hiyo unajifunza usiku, unaharibu kitambaa chako mwenyewe, unafumua, unashona tena. Ikikosekana zipu ya inchi nane unavuka mtaa. Ukitaka vitenge vya jumla unakwenda Kariakoo asubuhi na mapema, unarudi navyo. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, watoto walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wengi hata walimu wakachanganyikiwa, na kila mtoto alihitaji shati jeupe na sketi au kaptura ya bluu. Nilishona mpaka usiku wa manane wiki tatu mfululizo. Ile ovaloki niliyo nayo leo, mashine ya umeme ya kufunga kingo za kitambaa, ilitokana na Januari ile.

Huku ufundi umesimama. Nasema wazi kwa sababu wanaosifia kijiji husahau hili. Miaka kadhaa sasa sijaulizwa mshono nisioujua. Mikono inafanya kazi, kichwa kimelala. Zipu ikikosekana nangoja siku ya gulio, na gulioni nikikuta nyeusi wakati nguo ni ya kijani, mteja anavaa nyeusi.

Kilichonirudisha ni simu ya mama. Nasema simu kwa sababu katika ukoo wetu kurudi kijijini kuna historia ya lori. Mjomba wangu alikuwa Dar mwaka 1983, akiuza karanga, wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi. Usiye na kitambulisho cha kazi ulihesabiwa mzururaji, ukarudishwa kwenu ukalime. Alirudishwa kwa lori. Anasema alikaa wiki mbili akapalilia mahindi ya bibi, kisha akashuka Mombo kwa miguu usiku akarudi Dar. Akisimulia hucheka mpaka anakohoa. Yeye ndiye aliyenieleza maana ya Gezaulole, kile kijiji cha Ujamaa upande wa Kigamboni walikopelekwa watu wasio na ajira wa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970: kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Mimi nilipomuaga nikimwambia narudi nyumbani, alininong'oneza hayo hayo, "Geza ulole," akanipa elfu ishirini ya nauli.

Sensa ya 2012 ilinihesabu Mbagala, mmoja wa watu 4,364,541 wa mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ilinihesabu huku mlimani, na Dar ilikuwa imefika 5,383,728. Pengo langu lilizibwa na watu milioni moja.

Sasa nieleze kola, maana ndiyo shule yangu ya huku.

Mwezi wa kwanza akaja mama mmoja na shati jeupe la shule. Kola yake ilikuwa imelika pale inapokunjika, nyuzi zimetoka kama ndevu. Nikamwambia, dada, hili limekwisha, shona jipya. Akaniangalia kwa huruma. "Geuza," akasema. Sikuwa nimewahi kugeuza kola maisha yangu yote. Dar shati likichoka unakwenda kwenye mtumba. Huku mtumba upo pia, gulioni, ila huwezi kuwa na uhakika wa shati jeupe la saizi ya mtoto wa darasa la tano siku unayolitaka.

Nilijifunza usiku ule. Unafumua kola kwa wembe pole pole, unafuata uzi wa zamani bila kugusa kitambaa. Inatoka kama ulimi. Upande uliojificha chini bado mweupe, haujaona jua wala jasho. Unaigeuza, unaiingiza tena mahali pake, unapiga mshono juu ya matundu yale yale ya zamani ili usitoboe mapya. Kama mkono wako mtulivu, mwalimu hatajua. Kazi ni ya saa nzima, na malipo yake ukiyataja Kariakoo watakucheka. Nimegeuza kola nyingi kuliko magauni niliyoshona tangu nirudi.

Kilichonishangaza ni kwamba idadi ya kola hupangwa Dar. Huku watu wanalima kabichi, karoti, nyanya, viazi. Malori hupakia jioni, yanashuka usiku, alfajiri mzigo uko sokoni, Ilala na kwingine. Dalali anakuja mpaka shambani, anatazama kabichi, anataja bei, na mkulima hana pa kuzipeleka kwingine kwa sababu kabichi haiwekwi ghalani kama mahindi. Mwaka ambao bei ni nzuri, Desemba yangu imejaa sare mpya na magauni ya sikukuu. Mwaka ambao nawasikia wanaume wanasema "Ilala kumejaa mzigo", najua Januari itakuwa ya kola. Nilipokuwa Mbagala nilikuwa nafurahia kabichi ikiwa mia tano. Sikujua kuna mtoto analipia tofauti kwa shingo ya shati.

Ndiyo maana nina daftari. Dar nilibandika karatasi ukutani: mkopo leo hapana, njoo kesho. Huku karatasi hiyo ningekula mwenyewe. Watu wanalipa wakivuna, na wengine wanalipa kwa mzigo. Nimewahi kulipwa kabichi kumi na nne kwa kaptura mbili, nikazigawa, maana kwetu kila mtu ana kabichi. Katika daftari kuna majina matatu ambayo najua hayatalipa kamwe. Siyafuti wala siyadai. Mmoja wao ndiye aliyebeba mguu wa mbele wa kitanda usiku ule nitakaousimulia.

Ilikuwa Julai, baridi yetu ile ya kulala na sweta, ukungu hauonyeshi hatua tano. Mama ana presha kwa miaka mingi. Nilisikia kitu kimeanguka chumbani kwake, nikamkuta chini ya kitanda, mdomo umekwenda upande, ananiita jina la dada yake aliyekufa. Ilikuwa saa saba usiku. Nilipiga kelele mara moja tu. Kabla sijamfunga khanga, watu walikuwa wamejaa uani na tochi za simu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia tope, bodaboda haiwezi kupanda. Wakageuza kitanda chake cha kamba kuwa machela. Wanaume wanane wakapokezana hadi barabarani, wakiteleza, wakisemeshana taratibu "shika, shuka, shika". Wengi wao walikuwa kwenye mazishi yale ambayo mimi sikwenda.

Zahanati ilikuwa imefungwa. Nilipiga simu kwa mtu mwenye gari, haikupokelewa. Likatokea lori la kabichi linashuka. Dereva hakuuliza nauli. Utingo akapanda juu ya mzigo, mama akalazwa kwenye kiti, kichwa chake mapajani kwangu, tukashuka mlima hadi Mombo na kuendelea Korogwe, na harufu ya kabichi mbichi puani. Tulifika hospitali karibu saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka nilipomkuta chini mpaka anaguswa na daktari zilipita saa tano kasoro. Daktari aliniuliza ilianza saa ngapi, nikamwambia, akaandika bila kuniangalia.

Mbagala ningemweka kwenye Bajaji, dakika arobaini yuko mikononi mwa mtu anayejua. Ningelipia Bajaji, ningelipia kufungua faili, pengine ningehangaika peke yangu na mlinzi getini, lakini angefika. Nimezunguka na hesabu hiyo tangu usiku ule. Wale wanaume wanane hawanunuliki Dar kwa bei yoyote. Zile saa tano nazo hazikuweza kurudi. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ilinipunguzia gharama, nashukuru. Mkono wa kushoto wa mama haujarudi. Yeye ndiye aliyekuwa akinifungia vifungo. Alikuwa anakaa mlangoni pa kibanda, sindano mdomoni, anafunga vifungo na kuwasema wapita njia. Siku hizi anawasema tu.

Ya ardhi nayapitia haraka, yananichosha. Kibanda changu kipo kwenye kipande cha marehemu baba, na kaka yangu alisema mtoto wa kike hana kipande. Dar sikuwahi kumiliki hata tofali, kwa hiyo sikuwahi kugombana na ndugu. Tulifika baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka wajumbe saba na wanawake wasipungue watatu, na wale wanawake watatu ndio waliouliza maswali. Nilipewa haki yangu mchana mmoja. Kaka alininunia mwaka mzima. Katika mwaka huo mkewe aliendelea kuniletea sare za watoto wao kwa njia ya nyuma, na mimi niliendelea kuzishona, na kaka alizilipia bila kutaja jina langu: "Mpelekee fundi."

Umeme uliingia mwaka 2021. Kuunganishiwa kwa mradi wa vijijini ni shilingi 27,000, nikawa miongoni mwa wa mwanzo, nikaitoa ovaloki kwenye gunia ilimolala miaka miwili. Siku ya kwanza ilipolia watoto wa shule walisimama dirishani mpaka giza. Umeme ukikatika, na unakatika, Butterfly ya miguu haina habari.

Binti yangu ndiye anayenipa tabu kwenye hesabu hii. Dar darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia, wengine sakafuni, na mwalimu hakulijua jina lake. Huku alitembea dakika arobaini kila asubuhi, alichekwa kwa Kiswahili chake cha "oya" na "mambo vipi", akarudi analia wiki ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anagombana na wenzake kwa Kisambaa, na mwalimu alijua jina lake, jina la bibi yake, na siku gani hakula. Sasa yupo sekondari ya kata. Anasoma, anajua kupanda karoti, na kila jioni anaangalia Kariakoo kwenye simu. Anajua mitaa ambayo mimi niliichoka. Juzi aliniuliza, "Mama, wewe ulikwenda una miaka mingapi?" Nilijifanya sikusikia kwa sababu ya ovaloki, na ovaloki ilikuwa imezimwa.

Wateja wangu wa zamani hawajaniacha wote. Yule mama wa pilau wa Mbagala bado ananitumia vitenge kwa basi, vimefungwa kwenye mfuko wenye namba yangu. Vipimo vyake ninavyo kichwani, naongeza inchi moja kiunoni kila mwaka bila kumuuliza na hajawahi kulalamika. Wiki iliyopita alituma kitenge cha harusi ya mwanawe, yule yule niliyembeba. Alinipigia simu jana mchana, kelele za konda nyuma yake.

"Fundi, limefikia wapi?"

"Nimebakiza vifungo tu, mama. Kesho kwenye basi."

Mama yangu, mlangoni, aliutazama mfuko wa kitenge pale kwenye rafu, haujafunguliwa hata fundo, akanitazama na mimi, akacheka na upande wake mmoja wa mdomo mpaka jirani akauliza kuna nini.